Nazi za Jumapili

Tegua hiki: nina uwanja mweupe, hauna mwiba wala shimo, na mjukuu wangu anaogopa kuukanyaga. Ukisema ni ufuko wa bahari, umekosa. Ni karatasi.

Fusi, binti wa binti yangu, ni mkunga, na mwaka ule alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Msimamizi wake alikuwa amemwandikia kwamba Jumatatu ikifika bila kurasa za mwanzo za tasnifu, nafasi yake atapewa mwingine. Chakula kikawa hakipiti. Nilimwona akikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Wenzake wawili wa masomo walikuwa wakija kwangu kila Jumamosi mchana, wakae mkekani wasaidiane kuanza. Kila mmoja husoma alichoandika, hata kikiwa sentensi moja, na wenzake wanamwambia walichokielewa. Mmoja ni Lesieli, wanafanya kazi wodi moja na Fusi, mdomo wake hauna breki. Wa pili ni Semisi, mtoto wa mwanangu wa kiume. Na hapo ndipo penye ugonjwa.

Kwetu Tonga mtoto wa mjomba ni kaka sawasawa na wa tumbo moja, na kaka na dada hawatazami hata sinema pamoja, asije humo akatokea mtu akambusu mwenzake wakakosa pa kuweka macho. Na Fusi alitaka kuandika habari gani? Ya wanawake ambao baada ya kuzaa huvuja mkojo, wakajifungia ndani kwa aibu miaka na miaka. Nawajua wanawake hao. Nilizaa mapacha mimi.

Basi akaificha habari yake, akawaambia wenzake anaandika juu ya kuhifadhi shelisheli.

Jumamosi ile ya mwisho Semisi alisoma yake, ya maji ya chumvi yanayoingia kwenye mashamba ya viazi vikuu. Lesieli akasoma yake. Zamu ikamfika Fusi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachambua majani ya magimbi, nikaacha kuchambua. Alisoma sentensi moja ya shelisheli, akaishia hapo.

“Bado shelisheli tu, mwenzangu?” Lesieli akasema. “Wewe hata kulimenya hujui. Lile la wodini umelipeleka wapi?”

Fusi alimtazama kama aliyemwagiwa maji ya moto. Semisi hakuinua macho. Siku zote huzungumza na dada yake kupitia mtu. Alimuuliza Lesieli, akiutazama mkeka, kama lipo jambo lisilosemeka yeye akiwepo. Lesieli akanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue.

Semisi akainuka, akatoka bila kuaga.

Fusi alinijia nyuma ya pazia. “Bibi, amejua. Atamwambia mjomba nimeleta uchafu mbele yake. Bora niwaandikie kwamba nimeshindwa.”

Mwanangu ni mkali, na nimeona nyumba zilizogawanyika kwa jambo dogo kuliko hilo, hata kuzikana watu hawazikani. Nilimshika mkono; ulikuwa baridi kama samaki. Wangu nao haukuwa na joto la kumpa.

Ndipo tukasikia kwaruu, kwaruu, kutoka jiko la nje. Lesieli akaenda kuchungulia. Semisi alikuwa amekalia mbuzi, ameipa nyumba mgongo, anakuna nazi kwa nguvu zake zote. Nazi zangu za chakula cha Jumapili. Bila kugeuka akamwambia Lesieli maneno ya kutuletea: “Mwambie mwandishi aendelee. Mimi huku sisikii kitu. Na mbele ya wazee, ninachojua ni shelisheli.”

Fusi akarudi mkekani. Alilisema lile jambo kwa mdomo kwanza, kwa kunong'ona, na Lesieli akamrudishia: umesema hivi, liandike hivyohivyo. Akaanza kuandika. Mbuzi iliponyamaza naye akanyamaza, macho mlangoni. Nikajua nazi imekwisha, nikapeleka nyingine. Kwaruu ikaanza, naye akaanza. Nikapeleka tena na tena. Zilipokwisha zote nilimkuta Semisi anakwaruza vifuu vitupu, jasho linamtiririka, hataki kusimama.

Niliporudi ndani ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa.

“Bibi,” Fusi akasema bila kuinua macho, “mwambie asiache.”

Nikaenda nikamwambia.

Jumapili baada ya kanisa mwanangu alionja magimbi, akakunja uso, akauliza nani amekuna nazi jana hadi tui limechacha. Fusi akainamia sahani.

“Mimi, baba,” Semisi akasema. “Nilichanganya siku.”

Baba yake akamwita bwege, akaendelea kula. Jumatatu asubuhi kurasa zilikwenda.