Kamera Chini ya Koti

Asajile alipoletewa tiketi ya ndege na mwanawe Benson, hakuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Aliuliza kamera itakaa wapi. Hakukuwa na wa kumjibu. Mkewe Atuganile alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na nyumba ile ya Tukuyu ilishazoea kuulizwa maswali na kukaa kimya.

Barua ya Benson ilikuwa fupi. Anaoa, mchumba anaitwa Lilian, binti wa Kinyakyusa kutoka Kisiba anayefanya naye kazi Dar es Salaam, harusi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, baba asikose. Picha hazikutajwa, na Asajile aliona hazikuwa na haja ya kutajwa. Nani mwingine angezipiga? Kwa miaka thelathini, bibi harusi akitoka kanisani Tukuyu au Lufingo, Asajile ndiye aliyemwambia ainue kidevu kidogo. Leo mwanawe wa pekee apigwe picha na mtu wa kukodi? Thubutu!

Akajiandaa wiki nzima. Seremala alimtengenezea sanduku la mbao, mwenyewe akalijaza sponji ya godoro na kuikata kwa kisu, kila kifaa na tundu lake: kamera, lenzi mbili, flashi. Lenzi alizivingirisha kwenye sweta za marehemu, kwa sababu Tukuyu mvua haiji kutembea, inahamia, na lenzi ikishika unyevu huota ukungu kama mkate. Betri za flashi alizitoa akazifunga kando. Filamu alizitia kwenye mfuko wa shati, maana alisikia viwanja vya ndege vina mashine za kuchungulia mizigo, na mwanga wake huharibu filamu. Atuganile angemcheka sana. Ndiye aliyekuwa akiishikia kamera mwavuli huku yeye mwenyewe akilowa. Alipofika kwenye sweta ya mwisho, Asajile alikaa kitandani akalia, kisha akaendelea kufunga.

Ndege aliyoikuta Mbeya ilikuwa ndogo, ya mojawapo ya kampuni za watu binafsi zilizozuka baada ya serikali kulegeza biashara. Mhudumu wa mizigo alilitazama sanduku akatikisa kichwa.

"Mzee, hili linakwenda chini."

"Chini wapi?"

"Tumboni mwa ndege, pamoja na mizigo mingine."

"Humo mna kamera, baba. Wewe ungemtia mtoto wako huko?"

"Mtoto angekatiwa tiketi."

Foleni nzima ikacheka. Asajile hakucheka wala hakubishana. Alifungua sanduku palepale, akaivaa kamera shingoni, akatia lenzi moja kila mfuko wa koti, akaibana flashi kwapani, akafunga vifungo vyote hadi kooni. Sanduku likaenda tumboni mwa ndege likiwa limebeba sweta. Yeye akapanda ngazi ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mja mzito.

Angani mawingu yalipoitikisa ndege, wenzake walishika viti, yeye akashika koti. Jirani yake, ofisa fulani aliyekuwa akirudi kwake, alisinzia hata kabla hawajapaa. Kwa hiyo Asajile alikosa mtu wa kumwambia kwamba ndiyo kwanza anayaona mawingu kwa juu. Alitamani kumwambia mtu.

Dar es Salaam alishuka na koti lake la Tukuyu, jasho likimchuruzika. Benson alimkumbatia, akagonga chuma.

"Baba, umekuja na kamera?"

"Sasa ningekuja na jembe?"

Benson akatabasamu nusu, akageuza maneno kuwa ya joto na foleni za magari. Kijana alishindwa kusema, na kushindwa kwake ndiko kulikomponza baba yake.

Jumamosi asubuhi Asajile akiwa anaipangusa lenzi, shangazi yake Lilian, mama mmoja wa Kisiba aitwaye Esnath, alikuja akapiga magoti mlangoni.

"Tata, ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Ila kamera uiweke. Yule ni mkwe wako. Utamkodoleaje macho, tena jicho moja umelifumba?"

Asajile akaacha kuipangusa lenzi. Jambo lenyewe alilijua kuliko wote. Kwao Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Atuganile hakuwahi kuinua macho mbele ya baba yake Asajile mpaka mzee anazikwa. Vijana wengi wa mjini walishaliacha, lakini Lilian alilelewa na shangazi huyu na mwenyewe aliomba mila ishikwe. Mpiga picha wa kukodi, Simon, alikwishalipwa. Asajile alikuwa amewaza kila baya linaloweza kuipata kamera safarini, ila hakuwaza hata mara moja kwamba safari hii hakualikwa kama mpiga picha. Aliona aibu. Na zaidi ya aibu, iliuma.

Walimkalisha kwenye baraza ya kanisa, upande wa nyuma, kiti kimoja peke yake. Kamera alikuja nayo hivyohivyo, shingoni, angeiacha wapi? Ibada ilipokwisha, vigelegele vikianza, Simon alitokea mbio.

"Mzee, kamera yangu imekwama, haivuti filamu. Bwana harusi kaniambia nikuombe yako."

Asajile aliitazama kamera. Zaidi ya mikono yake, ni ya Atuganile tu iliyowahi kuigusa. Angeweza kukataa, na mwanawe angebaki bila picha. Akaivua.

"Pete ya lenzi ni nzito kidogo kuzunguka, usiilazimishe. Na usiwaharakishe."

Halafu akageukia ukuta, kwa kuwa maharusi walikuwa wanapita. Alisikia kamera yake ikilia upande wa pili, mlio anaoujua kama kikohozi chake mwenyewe, ikimwona Lilian vizuri, uso mzima, jinsi yeye asivyoweza kumwona. Moyoni alikuwa anapanga: sogeeni, tazama huku, haya. Hakuna aliyemsikia.

Simon akarudi anahema.

"Imebaki picha moja, mzee. Nikupige wewe?"

Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alitazama huku na huku apate wa kusimama naye. Benson alikuwa anaingia garini na mkewe, na alipo Lilian, Asajile hawezi kwenda. Basi akajipanga mbele ya ukuta, akanyoosha koti, mkono mmoja, upande aliokuwa akisimama Atuganile na mwavuli, akauacha umejitenga kidogo na mwili.

Simon alichungulia, akashusha kamera.

"Mzee, rudi katikati. Umeacha nafasi ya mtu hapo kando."

"Najua," alisema Asajile. "Piga."