Mtu wa Kiti cha Nyuma

Uvumi niliusikia kwa jirani yangu Verlene, tukikunja nguo kwenye mashine za kufulia za mtaani, ukaning'ang'ania kama kupe: eti kuna sheria inapikwa bungeni, kiwanda cha kuchinja na kugandisha kuku kiajiri watoto wa miaka kumi na minne bila saini ya mzazi. Binti yangu Tressa alikuwa katika umri huohuo, na kila jioni alinilalamikia nimsainie fomu ya kazi ya hapo.

"Shoga, watu wana maneno," nilimwambia. "Nani atapitisha kitu kama hicho?"

"Watapitisha. Na wewe utawapigia makofi."

Jumapili akaja kanisani Bi Whitley wa chama cha Wazazi Huru, na donati na fulana za njano. Akasema serikali imetunyang'anya watoto wetu, na ipo sheria ya kuturudishia. Maneno yake yalikuwa laini, yakashuka kama asali. Nikavaa fulana, nikapanda basi lao hadi bungeni, nikiamini naenda kuuzika ule uvumi.

Mbele ya kamati, Mheshimiwa Pruitt, niliyempigia kura kwa mkono wangu, aliusoma muswada kwa mbwembwe. Mjumbe mmoja mzee akamuuliza, "Kifungu cha nne maana yake nini?"

Pruitt akageuza shingo. Nyuma yake alikaa mwanamume wa suti ya kijivu, mtu wa umoja wa wenye viwanda. Akamnong'oneza, Pruitt akajibu kwamba saini ya mzazi haitahitajika tena. Akaulizwa tena, akageuka tena. Hapo nikaelewa kwamba sisi tulichagua mdomo tu. Ulimi ulikuwa wa mwingine.

Jina langu likaitwa. Bi Whitley alikwisha kuliandikisha upande wa wanaounga mkono.

"Mimi nauliza tu," nikasema. "Binti yangu akienda kuomba kazi, nami nikasema hapana, hapana yangu itaandikwa wapi?"

Pruitt akageuka. Safari hii yule wa kijivu hakunong'ona. Aliangalia saa yake.

"Muda wako umekwisha, mama," mwenyekiti akasema.

Bi Whitley akanivuta kando. "Dada, umetuharibia."

"Nimewaharibia nyie akina nani?"

Akatabasamu, akaenda kuwapanga wenzangu kwa picha. Muswada ulipita, wakapiga makofi.

Tressa alinipokea mlangoni. Alikuwa amesikia redioni.

"Mama, sasa huna haja ya kusaini," akaniambia, kwa upole kabisa. "Si umepumzika?"

Mwenye mtoto asikie:

Usivae fulana kabla hujajua nani kainunua.

Usipande basi la bure kwenda kuamulia mambo ya mwanao.

Usimwachie mgeni akuandikishie jina.

Usidharau neno la jirani kwa kuwa limesemwa penye nguo chafu.

Usiiachie sheria kazi ya kumkatalia mwanao. Mkatalie mwenyewe, angali anakusikiliza.

Na akirudi kutoka kiwandani vidole vimekufa ganzi kwa baridi, usimwambie ulimuonya. Mpashie maji.