Klarineti ya Pili

Saa nne na dakika tano asubuhi, Jumanne tarehe 7 Septemba 1954, klarineti ya pili iliingia nusu toni juu ya okestra nzima, na fimbo ya kuongozea ya Dakta Ambrose Tillotson haikusimama.

Winifred Garside, aliyeketi nyuma ya nguzo ya tatu ya kanisa kuu, alijua mara moja kuwa kosa ni lake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akinakili muziki wa Tillotson kwa mkono, karatasi za kila mpiga ala peke yake. Mpiga klarineti huja na ala mbili, moja ndefu kidogo kuliko nyingine, na noti zilezile hutoa sauti tofauti katika kila moja. Neno moja juu ya ukurasa humwambia ashike ipi. Winifred alikuwa ameandika neno la ala fupi. Macho yake yalikuwa yamechoka. Huo ni ukweli, si udhuru.

Simfonia hiyo, ya tatu na ya mwisho, Tillotson aliimaliza mwaka 1935. Vita vikaja, baada ya vita wakaja vijana na muziki wa namna nyingine, na kazi ikalala kabatini miaka kumi na tisa. Sasa mtunzi alikuwa na miaka sabini na minne. Kamati ya tamasha ilimkubalia aiongoze mwenyewe jioni hiyo, kwa sharti moja lililosemwa kwa adabu: masikio yake yawe yanatosha. Mazoezi yalikuwa hayo tu, ya muda wa saa tatu.

Wakati wa chai Clegg, klarineti ya kwanza, alimjia na kikombe mkononi.

"Bi Garside, huyu jirani yangu leo kanichoma sikio. Na mzee wako katulia zake kama paka juani!"

"Kosa ni langu, Bwana Clegg. Mwambie ashike ile ndefu."

"Atashika. Ila yule je?" Alimwonyesha kwa kidevu Penhallow, katibu wa kamati, aliyekuwa akinong'ona na Luscombe, mpiga kinanda wa kanisa na kiongozi wa akiba. "Keshasikia, yule. Kama mzee hakusikia lile, hata paa likianguka atalihesabia mapigo."

"Kunywa chai yako."

Winifred alimkuta Tillotson katika chumba cha mavazi ya kwaya, koti mwilini, chai haijaguswa. Aliinama upande wa sikio la kulia.

"Dakta, klarineti ya pili, ukurasa wa kumi na nne. Nimekosea ala. Mkirudi, wasimamishe pale uwaambie mwenyewe. Penhallow atanyamaza."

"Nililisikia, Bi Garside."

"Mbona hukuwasimamisha?"

"Tangu mwaka juzi sikio la kushoto hunipa kila kitu nusu toni juu. Birika likilia jikoni, kwangu yanalia mawili. Nikadhani ni mimi."

"Sasa umejua si wewe."

"Hapo mahali pamoja nimejua, tena kwa kuambiwa. Kurasa ziko ngapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

Alicheka kidogo, bila sauti. "Na utaninong'oneza zote?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwa hapana.

Tillotson aliinuka kwa kushika meza, akatoka, akamkabidhi Luscombe fimbo mbele ya Penhallow.

"Shika, kijana. Sehemu ya pili usiikimbize."

"Dakta, nina miaka hamsini na miwili."

"Ndiyo maana nakuonya. Watu wa umri wako mna haraka ya kwenda kula."

Penhallow alianza kusema jambo kuhusu heshima ya kamati. Tillotson alimgeuzia sikio la kushoto.

Saa tano na robo mazoezi yaliendelea. Klarineti ya pili ilikuwa sawa.

Jioni, saa moja na nusu, Luscombe aliongoza. Tillotson aliketi safu ya kwanza, Winifred kulia kwake, nakala kuu wazi magotini. Muziki ulichukua dakika thelathini na nane. Fimbo iliposhuka hakuna aliyepiga makofi, kwani katika kanisa lile hawapigi. Watu walisimama kimya. Kidole cha Tillotson kilihesabu mapigo mawili zaidi juu ya goti, kikaacha.