Vijiko Vitano na Nusu

Pale kwenye chumba cha usanifu cha kiwanda cha uchapaji hakuna aliyetaniwa kama Bibi Koma, msomaji prufu, anayekagua maandishi kabla hayajachapwa. Wengine husoma kwa macho tu. Yeye lazima ajaribu kwa mikono. Mpe maelezo ya kukunja boksi, atalikunja. Siku hiyo alipewa lebo ya dawa ya kikohozi ya watoto, naye akaja na kikombe kidogo cha dawa, kijiko na chupa ya maji.

"Bibi, leo tunakoroga uji?" msanifu aliyeipanga lebo ile akamtania. Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri, na yeye alitaka kuwahi kumchukua mwanawe shuleni.

"Tulia, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Asubuhi ile msanifu aliona nafasi kati ya namba hazipendezi, akazifuta. Halafu akachagua maandishi yote, akabofya kitufe cha sehemu, kile kinachopandisha namba moja juu ya mstari wa mshazari na kushusha nyingine chini. Lebo ikavutia, akajisifu kimoyomoyo.

Bibi Koma akavaa miwani, akasoma kipimo, akaanza kumimina.

"Moja. Mbili." Msanifu akaacha kucheka. "Tatu. Nne. Tano." Kikombe kilikaribia kufurika. "Na nusu."

"Bibi! Ni kijiko kimoja na nusu!"

"Kwako wewe. Hapa naona kumi na moja juu, mbili chini. Gawanya."

Msanifu akainamia kompyuta yake. Kompyuta haikuwa na kosa: nafasi ilipofutwa, 1 1/2 ikawa 11/2, ikapandishwa kumi na moja nzima. Akairudisha ile 1 ya kwanza kwenye ukubwa wake, akachagua 1/2 peke yake, akabofya. Ikatokea 1½. Bibi Koma akamwaga maji, akapima upya, akatia sahihi.

Miezi miwili baadaye mtoto wa msanifu alishikwa na kikohozi, na daktari akaandika dawa ileile. Jioni baba mtu akainua chupa kwenye mwanga, akasoma lebo polepole, akamimina kijiko kimoja, kisha nusu. Mtoto akameza, akakunja uso, akadai maji.

Msanifu akatoka mlangoni na simu yake, machozi yakimlengalenga.

"Bibi, nimepiga kukushukuru."

"Kwa lipi tena, mwanangu?"

"Kwa vile vijiko vinne ambavyo mwanangu hakunywa."