Sharubati ya Mawaridi

Wewe, umewahi kuogopa kikombe cha chai? Si chai ya kuunguza, wala kikombe chenye ufa. Nasema kikombe safi, cha maua ya buluu, kilichowekwa juu ya kigoda karibu na kichwa cha baba yako. Mie nilikiogopa siku tisa.

Ilikuwa Tibirinzi, Pemba, msimu wa karafuu, katika zile zama za siasa ambapo jirani wa chama hiki hamziki jirani wa chama kile. Baba yangu, Mbarouk, alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkarafuu, mbavu mbili zimevunjika, amelazwa ukumbini penye upepo. Watu walikuja kumjulia hali, ila Mzee Kificho wa nyumba ya tatu hakuja. Mama yangu alikwisha kufa. Aliyekuwa akimuuguza baba ni mke wake mpya, Bi Khairiya wa Msuka, mtu wa maneno machache, hajatimiza mwaka nyumbani kwetu.

Mchana nilikaa uwani na binamu yangu Mwatum tukichambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule. Mwatum alikuwa skuli ya kati, Kiingereza anakijua. Mie darasa la nne. Kamlaben, mke wa Ramji mwenye duka, alimpa Mwatum kitabu kilichokuwa kikichanwa kufungia pilipili. Kilikuwa kitabu cha Waingereza wa zamani, wa magari ya farasi na taa za gesi, na habari zake ni za mauaji. Mwatum akisoma mstari, akiutia Kiswahili, na vidole vyetu vikiendelea na kazi.

"Kurasa tatu, pazia tu!" akalalamika. "Watu wanauana, mwandishi anatueleza pazia!"

"Soma bwana, usiruke."

Mie nililipenda lile pazia: zito, jekundu, lenye vishada, na nyuma yake mke kasimama na kichupa. Mumewe mgonjwa kitandani. Kila alasiri mke humtilia matone katika kinywaji, na kila alasiri mume huzidi kudhoofika, tena humshukuru. Kinywaji chenyewe kilikuwa na jina asilolijua Mwatum. Akalikodolea macho, akaligeuzageuza mdomoni, mwisho akasema, "Basi, tuseme sharubati ya mawaridi."

Laiti angesema uji.

Maana alasiri ile ile niliingia kumpepea baba, nikanusa harufu ya mawaridi, na ilikuwa inatoka katika chai yake.

Kesho yake nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Bi Khairiya akatazama huku, akatazama kule, akatoa kichupa kibindoni, akamimina kikombeni maji ya rangi ya manjano. Akakoroga polepole, kijiko kisigonge. Kile kijiko kisicholia ndicho kilichonimaliza.

Utaniuliza, weye mtoto wa Pemba, hukujua kombe? Nilijua. Aya huandikwa kwa zafarani na marashi ya mawaridi kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Lakini kombe hunywewa wazi, kwa bismillahi, watu wanatazama. Nani alipata kuona kombe likifichwa ndani ya chai?

Nikamwambia Mwatum. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hebu tutazame mwisho," akasema. Tukafunua, mwisho haupo. Kurasa zile zilikwisha kwenda na pilipili za watu. Hatukujua kama yule mume alipona.

Toka hapo chakula kikanishinda. Nilikaa miguuni kwa baba nikimsikiliza pumzi, akikohoa yeye, jasho linanitoka mie. Mashavu yake yalikuwa yakibonyea kweli, au macho yangu tu? Sikujua.

"Siti, mbona huli, mwanangu?" Bi Khairiya akaniuliza. Mie nikamtazama mikono.

Siku ya tisa akaleta kikombe. Baba akakipokea, akakipeleka mdomoni.

"Baba, usinywe!"

Nilijikuta nimemshika mkono, chai imemwagikia shuka.

"Una nini, mtoto?"

"Bi Khairiya anakutilia sumu. Ana kichupa. Nimemuona."

Huko uwani Mwatum aliacha kuchambua. Bi Khairiya hakulia. Alitoa kichupa kibindoni, akakifungua, akapiga mafunda mawili mbele yetu, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Ni kombe," akasema. "La Mzee Kificho."

Hapo ndipo nikaogopa hasa. Kificho alikuwa sahibu wa baba tangu chuo cha Kurani, mpaka siasa ikawatupa vyama viwili. Baba aliapa barazani, watu wanasikia, kwamba maji yaliyopita mikononi mwa Kificho hayatapita kooni mwake. Wanawake waliachwa kwa mambo madogo kuliko hilo zama zile. Na aliyemfichua Bi Khairiya ni mie.

"Huniuliza hali yako kila siku, nyuma ya ua," Bi Khairiya akaendelea, macho chini. "Nikamwambia andika. Kosa langu."

Baba alitazama kilichobaki kikombeni.

"Khairiya, mie zafarani naijua tangu nanyonya. Siku zote hizi wadhani nlifikiri nini? Majani mapya ya chai?" Akacheka, mbavu zikamchoma, akajishika ubavu. "Na huyu Kificho, marashi hatii haba! Tangu ujana wake."

Akanywa mpaka tone la mwisho.

"Siti, vaa ushungi. Nenda nyumba ya tatu."

Bi Khairiya ndiye aliyenifunga ushungi. Mikono yake ilinukia mawaridi.

"Nikaseme nini, baba?"



"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Tangu siku niliyoanguka nataka aje, nimuone."