Wimbo Ulioitwa Ssalongo

Ukitaka kumkasirisha Nakhisa, na wapo wanaotaka, mwambie tu kwamba ule wimbo wa Ssalongo ni mtamu. Umemharibia harusi nyingi. Msema chochote anashika maiki na kutangaza, "Sasa wazee wetu wapewe Ssalongo," kina mama wanainuka na magauni yao ya gomesi, wanacheza mpaka jasho linawatoka, huku Nakhisa amekaa na sahani yake ya matoke anasikiliza sauti yake mwenyewe ya ujana ikisifiwa kwa jina la mwanamume ambaye hakujua kuimba hata wimbo wa kubembeleza mtoto.

Wimbo ni wake. Aliutunga akiwa msichana wa nyumba za reli pale Nsambya, siku mama yake alipoanza kutembea tena baada ya kuugua sana, akauita "Mama Ameinuka". Jina hilo liliandikwa kwenye kaseti. Lakini jina la kwenye kaseti husomwa na wachache, na linaloshika masikioni ni lile linaloitwa ndani ya wimbo. Bendi za gitaa zilirithi desturi moja kutoka Kongo: mashairi yakiisha, gitaa likashika mbio na watu wakaingia uwanjani, mwitaji huita jina la tajiri aliyewashika mkono. Bendi yao, Nyota za Relini, ilishikwa mkono na Ssalongo Kibirango, yaani Kibirango baba wa mapacha, mwenye malori, aliyewanunulia spika na ngoma. Basi akaitwa. Akaitwa tena. Kufumba na kufumbua mji mzima ukaujua wimbo kwa jina lake, watu wakaanza kudhani ndiye aliyeutunga, naye kwa ustaarabu wake hakukanusha. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nakhisa alicheza ugenini, akatuzwa mwingine.

Bendi ilisambaratika kama bendi zinavyosambaratika. Aristide, mpiga gitaa na mwitaji, mtu wa Bukavu, alikwenda kupiga mahotelini Kigali. Omolo wa besi akafungua duka la vipuri Kawempe. Ogwal wa ngoma akaingia bendi ya polisi, akapiga gwaride na mazishi ya wakubwa mpaka akastaafu. Nakhisa alishona nguo Bukoto, akazaa, akalea, akawa Mama Wekesa.

Ogwal ndiye aliyewakusanya. Kustaafu kulimchosha kuliko kazi, kwa hiyo aliwapigia simu mmoja mmoja akawaambia kwamba vijana wa siku hizi wanarekodi na kuzitoa nyimbo zao wenyewe mtandaoni bila tajiri wala meneja, na kwamba wao nao hawajafa.

Nakhisa alikubali, ila kwa sharti.

"Tunarekodi ile wimbo yangu," alisema walipokutana. "Lakini jina ya ule mutu isisikike. Ikisikika tu, mimi nachukua begi yangu nakwenda, na hakuna kitu inatoka."

"Kale, nyabo," Ogwal akakubali. "Hiyo ni oda."

Wote wakaitikia. Kuitikia ni kazi rahisi.

Studio aliyoipata Ogwal ilikuwa Kawempe, juu ya duka la magodoro, na mwenyewe, mwanamke mmoja aitwaye Concy, alikuwa amezipamba kuta zote kwa magodoro yaleyale ili kuzuia mwangwi. Concy alitaka kuwarekodi mmoja mmoja, kama anavyowarekodi wateja wake wote. Aristide alimtazama kama mtu aliyeambiwa ale ugali leo na mboga kesho. Wao walijifunza muziki wakitazamana usoni chumba kimoja, na hawakuwa na nia ya kujifunza upya. Concy akapanga maiki, akawaacha.

Wakapiga. Nami nasema walipiga. Besi ya Omolo ilitembea bila haraka, ngoma za Ogwal zilikuwa zimesahau kabisa mazishi, na sauti ya Nakhisa, iliyokuwa imeshuka na kuingiwa na mchanga kidogo, ilibeba sasa uzito ambao msichana wa Nsambya asingeuweza. Alijisikia mwenyewe na akafurahi. Mashairi yakaisha. Gitaa likashika mbio. Aristide akafumba macho kwa utamu, akafungua kinywa:

"Ssalongo Kibirango, eee!"

Muziki ukaanguka. Ogwal alicheka mpaka kijiti kikamponyoka. Nakhisa hakucheka.

"Pole, Mama Wekesa, pole sana," Aristide akasema. "Ile jina inatokaka yenyewe. Ni kinywa ilisema, haiko mimi."

Concy aliulizwa kama angeweza kulifuta. Hakuweza, kwa sababu walikuwa chumba kimoja na jina lilikwisha ingia kwenye kila maiki, hata ile ya ngoma. Wakarudia. Safari hii Aristide alifika "Ssalo..." akajiziba mdomo kwa mkono, na kwa kuwa mkono huo ndio uliokuwa na kazi kwenye nyuzi, gitaa nalo likanyamaza. Mazoea yana taabu, na Aristide alikuwa ameliita jina lile miaka mingi kuliko alivyowaita wanawe.

Mara ya tatu aling'ata midomo. Jina halikuitwa, na wimbo ukakwama kama lori kwenye matope, maana Ogwal hakubadilisha mpigo.

"Mimi nageuka na jina," Ogwal akajitetea. "Siku zote nageuka na jina. Sasa jina haikuja, nigeuke na nini?"

Ikawa wazi kwamba pale mahali lazima paitwe mtu. Nakhisa akavuta kiti akaketi. Alikuwa amekuja kumtoa mtu ndani ya wimbo wake, na hakuwa amesema nani aingie. Kulifikiria alilifikiria. Alitaka liitwe jina lake. Alilitaka tangu ujana, alilitaka harusini na kwenye cherehani, na kulitaka kulimtia haya, kwa sababu jambo kama hilo haliombwi. Mtu akiomba aitwe, ameshalipunguza.

"Basi jiite weye mwenyewe," Aristide akashauri.

"Mutu hajiiti," Nakhisa akajibu. "Kwetu mwenye kujiita ni mulevi."

"Sasa tuite nani?"

Nakhisa akakohoa. Alikuwa amejishika koo, na Concy akamwona. "Maama, naona sauti imebakia ya mara moja tu," alisema kwa upole. "Mkiharibu hii, turudi siku nyingine. Ama tuache."

Nakhisa alijua hawatarudi. Aristide alikuwa na basi la kuwahi kwenda Kigali. Na watu wa umri wao wakisema siku nyingine, ujue wameaga.

Ogwal akashika usukani kama afande. Kinywa cha Aristide kimeharibika, alisema, yeye mwenyewe yuko nyuma ya ngoma, mama hajiiti, basi aite Omolo. Wakacheka, hata Omolo. Katika maisha yote ya bendi Omolo hakuwahi kusogezewa maiki. Alikuwa na kigugumizi, akizungumza na wateja wake wa vipuri zaidi kwa vidole.

"Ni... niite nani?" akauliza.

"Yeyote. Ita hata mbuzi yako, bora usikike."

Concy akamwekea maiki mbele ya besi. Nakhisa akasimama, akaimba kama mtu anayemwaga maji ya mwisho ya mtungi bila kubakiza hata ya kunawa. Mama akaugua, mama akalala, mama akaomba fimbo, mama akainuka. Mashairi yakaisha. Gitaa likashika mbio. Omolo akainamia maiki, na kigugumizi sijui alikiacha wapi:

"Nakhisa wa Wandera! Nakhisa mutoto ya reli! Hii wimbo iko na mwenyewe!"

Ogwal akageuka na jina, sawasawa, palepale. Wandera, baba yake, mzee wa reli aliyezikwa Busia, hakuna ngoma iliyowahi kumwita akiwa hai. Nakhisa alipaswa kuitikia kiitikio na hakuitikia, alikuwa amegeuka kumtazama Omolo, Aristide akamshikia mstari mmoja mpaka alipoingia mwenyewe, na alipoingia Concy alilazimika kupunguza sauti kwenye mashine. Walipiga kupita mahali pa kuishia kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Jioni ileile Concy aliutoa mtandaoni, jina la wimbo na la mtunzi yakiwa mahali pake. Chai haijapoa Ogwal alikuwa amekwisha kuutuma kwa polisi wastaafu wote anaowajua.

Nakhisa akamfuata Omolo, aliyekuwa akifunga besi yake kwenye shuka.

"Nani alikutuma uniite mimi?"

Kigugumizi kilikuwa kimerudi. "Ni... nilikuwa nataka ku... kuita tangu ule wakati," Omolo akasema. "Hakuna mutu alinipatia maiki."

Nakhisa akalia mbele yao wote, na hakuona sababu ya kujificha. Alipomaliza alijifuta kwa leso, akamwambia Concy aondoe magodoro dirishani, afungue, aupige tena kwa sauti kubwa, ili Kawempe yote isikie anavyoitwa.