Siku Hamsini na Nne za Silvana

Silvana hakuwa na saa ya mkono, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mume tangu mwaka ule kideri kilipomaliza kuku, wala hakuwa na simu ya kupiga picha. Hayo yote alikwisha kuyazoea. Jambo moja tu lilimkaa kooni: hakuwa na mstari kwenye mradi.

Mradi ulikuwa wa zahanati, pale kijijini juu ya mteremko wa kushukia Muze. Uliishi ndani ya kompyuta ya Shija, ofisa kijana aliyeletwa kuusimamia. Kazi kubwa iliandikwa juu, kazi ndogondogo chini yake, kila moja na siku zake, na kompyuta yenyewe ilizijumlisha na kuipandisha jumla juu bila kuombwa. Kuchimba msingi siku thelathini na nane, kufyatua matofali tisini, kujenga kuta thelathini na mbili. Jumla mia moja na sitini. Wenye majina kwenye mistari hiyo ndio wangeunda kamati, na kamati ndiyo ingeamua kama zahanati itapata chumba cha kujifungulia au stoo ya pili. Silvana alikwisha kupokea watoto kumi na mmoja kando ya barabara ya mteremko ule, mmoja juu ya gunia la mahindi. Alitaka chumba.

Sasa, Ufipa hakuna anayechimba msingi wa wote koo likiwa kavu. Wanawake tisa, Silvana akiwamo, walifanya kazi siku sita, wakaotesha ulezi, wakausaga, wakateka maji na kuchemsha, mpaka kimpumu, pombe yao ya ulezi, ikatulia chunguni na mirija ya kunywea ikasimama. Silvana alipoomba siku hizo ziandikwe, Shija alimwamkia shikamoo kwa adabu, kisha akamweleza kwamba pombe si kazi.

Jumatatu asubuhi jumla ilisoma mia mbili na kumi na nne. Shija akahesabu kwa vidole, akahesabu kwa simu, akazima na kuwasha. Kazi ndogo zilikuwa zile zile tatu.

"Hizo hamsini na nne zilizozidi ni zetu, mwanangu," Silvana alimwambia. "Tisa mara sita."

"Lakini mama, hazina mstari."

"Mstari mmetunyima nyie. Siku zimekuja zenyewe."

Mchana jumla ilianza kuchemka. Povu la kahawia likapenya katikati ya vitufe, la uvuguvugu, lenye harufu ya ulezi uliokomaa. Shija akakinga bakuli. Lilipojaa akaomba ndoo. Fundi Maximilian alichomeka mrija pembeni ya herufi M, akavuta, akasema kompyuta imejifunza Kifipa upesi kuliko ofisa. Wanaume wakaizunguka, wale wanawake tisa wakapewa viti vya mbele, ngoma ikaletwa. Shija naye akavuta mpaka akaimba nyimbo za kwao Usukumani. Kwenye ripoti aliandika: kompyuta inavuja, lakini inatosha wote. Ukuta wa mwisho ulikamilika siku hiyo hiyo, umenyooka, kwa nyimbo.

Wiki iliyofuata walikuja wakubwa. Waliisifu jumla, wakisema hakuna kijiji kilichofikisha mia mbili na kumi na nne. Wakapiga makofi, wakaionja kompyuta. Kisha wakasoma majina ya kamati kutoka kwenye ile mistari mitatu, yote ya wanaume, na wanaume wakachagua stoo.

Silvana na wenzake walirudi wakicheka njia nzima, maana jumla ilikuwa imetajwa mbele ya watu, na kila aliyekuwapo alijua ni ya nani. Jioni Silvana akawaandikia wale wakubwa barua kwa mkono wake, akiomba mstari mmoja na chumba kimoja. Akaifunga bahasha kwa uji mzito wa ulezi, na kesho yake akapanda basi mpaka posta mjini Sumbawanga. Karani akaiweka kwenye mizani, akasubiri mshale utulie.

"Siku hamsini na nne," akasema.

Akaibandika stempu ya kawaida, akaitumbukiza kwenye mfuko pamoja na nyingine.